Je, Wajua? Vumbi la Miaka 40 na Fidia Iliyokwama Mahakamani

Sogea, sogea kidogo kwenye benchi nami nikae. Chai bado ni moto, matatu ya Ruiru imeshajaa, na leo nimekuja na mfuko mzima wa maajabu. Yote yanahusu asbesto, lile bati la kijivu lenye mawimbi, zito kama saruji, ambalo mjomba wako aliezekea nyumba akajigamba kwamba halishiki kutu. Uko tayari? Shika kikombe vizuri.

Je, wajua asbesto ni jiwe? Jiwe kabisa, la kuchimbwa ardhini! Ila ukilichambua linatoa nyuzi laini kama pamba, na nyuzi hizo unaweza kuzisokota ukafuma kitambaa kisichoungua. Jina lenyewe limetoka kwa Wagiriki, na maana yake ni kisichozimika.

Na ukisema asbesto, umetaja madini 6 kwa jina moja. Kuna nyeupe, kuna ya kahawia, kuna ya buluu, na nyingine 3 zisizo maarufu. Ile ya kahawia inaitwa amosite, na jina hilo limeundwa kwa herufi za kampuni ya Asbestos Mines of South Africa. Jiwe limepewa jina la kampuni, umewahi kusikia?

Wafinyanzi wa Finland walikuwa wakichanganya nyuzi hizi na udongo wa vyungu yapata miaka 4,500 iliyopita. Chungu kilitoka chembamba na moto ukakishindwa. Mama wa kuuza githeri pale stejini angekitaka hata leo.

Bati lenyewe je? Mwaka 1900 Ludwig Hatschek wa Austria alipata njia ya kukoroga saruji na asbesto pamoja na kutoa vigae vyepesi visivyoungua. Akaviita Eternit, kutokana na neno la Kilatini la umilele. Shika neno hilo, milele, tutalihitaji tukifika kwenye mambo ya korti.

Haya, shika na hili: kati ya 1952 na 1956 sigara za Kent za Marekani zilikuwa na chujio lenye asbesto ya buluu, ile kali kuliko zote! Na ziliuzwa kwa sifa kwamba zinalinda afya ya mvutaji. Ndiyo, umesikia sawasawa.

Tuseme ukweli wa ndani ya kifua sasa. Uzi wa asbesto ni mwembamba kuliko unywele mara nyingi, hauna harufu, haukuwashi, hukohoi siku unapouvuta. Unaingia pafuni na kutulia, na mwili hauna dawa ya kuuyeyusha. Unakaa humo kama mgeni aliyekuja na godoro.

Na unakaa muda gani? Miaka 20, 30, 40, hata 50, kabla ugonjwa haujajitokeza! Chukua fundi aliyekata bati la asbesto kwa msumeno mwaka 1985. Mwaka huo ndipo Kenyatta ilipopewa hadhi ya chuo kikuu kamili, na ndipo kahawa ya Ruiru 11 ilipotoka kwa watafiti wa hapo Ruiru. Kahawa imeshanywewa, wanafunzi wameshakuwa mababu, na kifua cha fundi yule huenda ndiyo kwanza kinaanza kudai.

Yanayotokana na vumbi hilo ni mengi, ila shika matatu: asbestosisi, yaani mapafu kujaa makovu na kukakamaa, saratani ya mapafu, na mesotelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu au tumbo. Hii ya mwisho karibu kila mara ukiifuata nyuma utaikuta asbesto. Zaidi ya nusu ya wanaopatikana nayo hawafikishi miaka 2.

Sasa weka hesabu hizo mbili pamoja, ndugu yangu. Ugonjwa unangoja miaka 40 ndipo ubishe mlango. Ukishabisha, unakupa miezi. Sheria yoyote ya fidia inayochelewa, hata kwa mwaka mmoja tu, imempita mtu huyu kama matatu iliyojaa.

Wangapi? Shirika la Afya Duniani linasema asbesto ya kazini inaua zaidi ya watu 200,000 kila mwaka. Mwaka 2019 mji wa Thika ulihesabiwa watu 251,407. Futa karibu Thika nzima kila Desemba, uone.

Lakini je, paa la asbesto lililotulia ni hatari? Likiwa zima, halijapasuka, hulisugui wala hulitoboi, nyuzi zimefungwa ndani ya saruji. Balaa ni msumeno, nyundo, drili, ufagio, na uzee wenyewe unaolimomonyoa. Na maji ya mvua yanayotiririka juu yake? Shirika hilo hilo linasema hakuna ushahidi thabiti kwamba asbesto ikinywewa inadhuru kama inavyodhuru ikivutwa. Adui ni pumzi. Hapo wengi huwa tunahofia tangi na kumsahau kijana aliye juu ya paa.

Turudi nyumbani. Wajua Kahawa Sukari, hapa tulipo, ni moja ya wadi 8 za eneo bunge la Ruiru, na jirani yake ni Kahawa Wendani? Wendani kwa Kikuyu ni upendo. Kahawa, sukari na upendo ndani ya wadi mbili tu! Maziwa tutafuata Githunguri.

Na wajua pale Chuo Kikuu cha Kenyatta, hatua chache kutoka hapa, palikuwa kambi ya wanajeshi wa Uingereza? Iliitwa Templer Barracks, ikakabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 1965, vitanda vya askari vikawa vya wanafunzi. Miaka ile, kuanzia 1950 hadi 1970 na kitu, ndiyo enzi ambayo asbesto ilipendwa duniani kote kwa shule, hospitali na nyumba za serikali. Ilionekana ni maendeleo. Nani angekataa paa la milele?

Ruiru nayo imevimba! Sensa ya 2019 iliikuta na watu 490,120, mji wa 4 kwa ukubwa Kenya nzima baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Watu wengi hivyo maana yake ni mjengo kila kona, na mjengo maana yake ni kubomoa vya zamani. Bangalo linaanguka, fleti inapanda. Swali langu dogo tu: lile bati la kijivu huwa linakwenda wapi? Nimeliona limekuwa ua wa boma. Nimeliona limekuwa banda la kuku. Kuku hawashtaki.

Sensa hiyo hiyo ilikuwa na kisanduku cha asbesto peke yake katika swali la paa, kando ya mabati, vigae, nyasi na makuti. Nyumba 8 kati ya 10 zilikuwa za mabati ya chuma. Serikali inajua basi kwamba asbesto ingali juu ya vichwa vya watu, iliuliza yenyewe mlango kwa mlango.

Wajua ni tangu lini taka za asbesto zimewekwa miongoni mwa taka za sumu nchini? Tangu 2006, katika kanuni za taka za nchi. Mwaka 2013 NEMA, mamlaka ya mazingira, ikatoa mwongozo mzima wa kuliondoa bati hilo na kulizika: lirowekwe maji kwanza, lisivunjwe, lifungwe kwenye plastiki nzito, libebwe na mwenye leseni, lizikwe mahali palipoidhinishwa. Ndiyo, linazikwa. Huwezi kulichoma, umesahau maana ya jina lake?

Basi kama paa lina sheria, pafu lina nini? Hapa ndipo nilipokuwa nakuleta. Ongeza chai.

Tarehe 22 Oktoba 2007, sheria 5 za kazi zilitiwa saini kwa mkupuo mmoja. Moja ilikuwa ya usalama na afya kazini, nyingine ikawa ya fidia kwa wanaoumia au kuugua kwa ajili ya kazi, ile watu wa mjengo wanaiita WIBA tu. Ilikuja kuondoa sheria ya enzi ya mkoloni. Ikaanza kutumika Juni 2008.

Ilikaa muda gani kabla ya kufikishwa kortini? Hata haikupoa! Chama cha Mawakili kiliipinga, kikisema miongoni mwa mengine kwamba inamzuia mfanyakazi kwenda mahakamani moja kwa moja na kumpeleka kwa Mkurugenzi wa usalama kazini. Tarehe 4 Machi 2009 Mahakama Kuu ikafuta vifungu kadhaa muhimu.

Rufaa ikakatwa. Nadhani unajua kukata rufaa, lakini wajua kungoja rufaa? Uamuzi wa Mahakama ya Rufaa ulitoka 17 Novemba 2017. Zaidi ya miaka 8! Mtoto aliyezaliwa siku ya hukumu ya kwanza alikuwa tayari anasoma shule ya msingi, anajua kuandika neno fidia.

Haikuishia hapo. Jambo likapanda hadi Mahakama ya Juu, nayo ikaamua tarehe 3 Desemba 2019 kwamba vifungu vingi vilivyokuwa vimefutwa ni halali, kama Mahakama ya Rufaa ilivyosema. Kutoka saini hadi neno la mwisho: miaka 12 na siku 42.

Na hili ndilo linalonichekesha kwa uchungu. Chini ya sheria hiyo, mtu aliyelemaa kabisa maisha yake yote hulipwa mshahara wa miezi 96. Miezi 96 ni miaka gani? Minane! Kwa hiyo nchi ilibishana juu ya fidia kwa muda mrefu kuliko miaka ambayo fidia yenyewe inalipia.

Hesabu na mimi: mshahara wa shilingi 20,000 kwa mwezi, mara 96, ni shilingi 1,920,000. Kwa mwenye mapafu yasiyopanda ngazi, hizo ni karo, kodi na mtungi wa oksijeni. Usidharau.

Baada ya Desemba 2019 maelfu ya siku zilizopotea zikadai chao. Kesi zilizofunguliwa chini ya utaratibu wa zamani zipelekwe wapi? Kwa hakimu, au kwa Mkurugenzi? Mwaka 2023 Jaji Mkuu Martha Koome alilazimika kutoa maelekezo kuhusu kesi zilizokuwa zimekwama njiani. Zaidi ya miaka 15 tangu saini, msomaji wangu, na watu bado wanauliza mlango uko upande gani.

Wajua kwenye karatasi sheria hiyo ina haraka ya ajabu? Mwajiri au bima aliyepelekewa dai alipe ndani ya siku 90. Mkurugenzi akishapokea pesa amfikishie mfanyakazi ndani ya siku 30. Hukubaliani na uamuzi? Pinga ndani ya siku 60, Mkurugenzi akujibu ndani ya 14, kisha una siku 30 za kwenda Mahakama ya Ajira. Soma tarakimu hizo kwa sauti, utadhani ni ratiba ya treni ya Ulaya.

Aliyeanguka jukwaani ana miezi 12 ya kuwasilisha dai tangu siku ya ajali. Sasa nijibu wewe uliyekaa kimya: vumbi lina siku ya ajali? Ni Jumanne ipi hiyo? Ndiyo sababu magonjwa ya kazini yamewekewa sehemu yake na jedwali lake ndani ya sheria hiyo. Hata hivyo mgonjwa bado ana kazi ya kuonyesha alishika nini, wapi, na kwa nani, miaka 30 iliyopita, wakati kampuni imekufa na karani wa mishahara amezikwa.

Ukitaka korti ya kawaida, kuna Sura ya 22, sheria ya muda wa kufungua kesi. Anayegombea shamba ana miaka 12. Anayedai kwa kuumizwa ana miaka 3! Udongo umepewa mara 4 ya pumzi. Kwa bahati njema kifungu cha 27 kinamruhusu mtu aombe muda zaidi ikiwa mambo ya msingi ya madhara yake hayakujulikana kwake mapema. Kwa mwathiriwa wa asbesto, hicho kifungu ni dirisha. Wakili wako asipokitaja, kitaje wewe.

Hili je, ulilijua? WIBA inawahusu wafanyakazi wote, hata wa serikali, isipokuwa wanajeshi. Askari wa kambi ya Kahawa, tunayemsikia akikimbia mchakamchaka alfajiri, hayumo.

Na mama aliyekuwa akifua ovaroli ya mumewe? Vumbi la nguo za kazini limewaua wake na watoto ambao hawakukanyaga kiwandani, na jambo hili limethibitishwa kitabibu. Lakini WIBA ni ya mfanyakazi, na kufua ovaroli ya mume hakuna pei silipu. Anayemlilia mama huyu anabaki na Sura ya 22 na miaka yake 3.

Vuka mpaka. Tanzania ilipitisha sheria ya fidia kwa wafanyakazi mwaka 2008, mwaka WIBA ilipoanza kutumika. Mfuko wa kulipa, WCF, ukaanza kazi Julai 2015. Kule waajiri wanachanga kwenye chungu kimoja na mgonjwa anadai kwenye chungu. Huku kwetu kila mwajiri anatafuta bima yake. Mimi napendelea chungu. Kampuni inaweza kufa kabla ya pafu kuugua, chungu kinabaki jikoni.

Rwanda ilianzisha mwaka 2011 kampeni ya taifa zima ya kung'oa mapaa ya asbesto. Ni nchi ndogo, ila ilikubali kuhesabu mapaa yake.

Ukitaka kuona sumu na fidia vikicheleweshana pwani, nenda Owino Uhuru, Mombasa. Pale ilikuwa risasi ya betri kuukuu, na wakazi wapatao 3,000. Mwaka 2020 mahakama iliwapa shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 rufaa ikazitikisa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikazirudisha. Phyllis Omido, aliyeongoza vita hivyo, alikuwa ameshapata tuzo ya mazingira ya Goldman tangu 2015. Tuzo ilitangulia fidia kwa miaka 9!

Duniani wanatuzidi? Usiwe na haraka ya kujidharau. Sikiliza.

Mwaka 1898 mkaguzi wa viwanda wa Uingereza, Lucy Deane, aliandika kwamba vumbi la asbesto linadhuru. Uingereza ikapiga marufuku asbesto yote mwaka 1999. Miaka 101! Bikizee anaweza kuzaliwa, kuzeeka na kuzikwa katikati ya onyo na amri.

Nellie Kershaw alisokota nyuzi za asbesto huko Rochdale, akafa mwaka 1924 akiwa na miaka 33. Mwili wake ndio uliowapa madaktari maelezo ya kwanza ya ugonjwa huu katika jarida la utabibu. Waajiri wake walikataa hata kuchangia mazishi, wakihofia kufungulia mlango wengine. Hofu yao ilikuwa sahihi, mlango ulikuja kufunguka.

Miaka 6 baadaye serikali ya huko iliwapima wafanyakazi 363 wa asbesto na kuwakuta 95 na makovu ya mapafu. Zaidi ya mmoja kati ya wanne! Kanuni za vumbi zikaja 1931. Kwa hiyo bati lililopandishwa Nairobi miaka ya 1960 lilipanda wakati dunia ya kisomo imejua kwa miaka 30. Usije ukaambiwa hawakujua.

Lakini bunge likitaka, hukimbia. Tarehe 3 Mei 2006 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilitoa uamuzi uliopunguza fidia ya wagonjwa wa mesotelioma waliofanya kazi kwa waajiri kadhaa. Tarehe 25 Julai mwaka huo huo sheria mpya ikaubatilisha. Siku 83! Linganisha na miaka yetu 12, kisha rudisha pumzi.

Waingereza hao hao wakaja wakajikwaa. Sheria ya 2012 ilisema serikali isikate gharama za mawakili kwenye fidia ya mesotelioma kabla ya kufanya tathmini ya athari zake. Tathmini ikafanywa kwa pupa, na Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya London ikasema haikufanywa ipasavyo. Aliyeshtaki alikuwa kiongozi wa vikundi vya waathiriwa wenyewe. Wagonjwa wa pumzi waliishinda wizara ya sheria kwa sheria!

Scotland nayo? Mwaka 2007 majaji wa London waliamua kwamba makovu ya utando wa mapafu hayastahili fidia. Mwaka 2009 bunge la Scotland likasema yanastahili. Makampuni ya bima yakashtaki hadi mahakama ya juu, na mwaka 2011 yakashindwa.

Japani, Juni 2005, kampuni moja ilikiri kwamba wafanyakazi wake na majirani wa kiwanda wamekufa kwa asbesto. Machi 2006 sheria ya kuwasaidia waathiriwa ilikuwa inafanya kazi. Miezi 9, muda wa kubeba mimba. Na ilimkumbuka hata jirani asiye mfanyakazi, hata yule mama wa ovaroli.

Italia ndiyo itakayokutoa machozi. Mwaka 2012 mmiliki wa zamani wa Eternit alihukumiwa Turin kifungo cha miaka 16, na mwaka 2013 rufaa ikaongeza hadi 18. Tarehe 19 Novemba 2014 mahakama ya juu ikafuta yote. Kwa nini? Muda wa kushtaki ulikuwa umepita! Unakumbuka neno milele? Bati lilipewa umilele, kesi haikupewa.

Afrika Kusini, wagonjwa wapatao 7,500 waliishtaki kampuni ya Cape huko London. Kesi iliitwa Lubbe, jina la mama aliyekuwa ameshafariki kabla ya majaji kuamua, Julai 2000, kwamba inaweza kusikizwa Uingereza. Walikubaliana pauni milioni 21, hazikulipwa, na mwaka 2003 Cape ikatoa milioni 7.5. Gawa mwenyewe: pauni 1,000 kwa kifua.

Bernie Banton wa Australia alipigana na kampuni ya James Hardie akiwa na mirija ya oksijeni puani. Alifikia makubaliano ya fidia Novemba 2007 na akafa tarehe 27 mwezi huo huo. Siku chache tu!

Marekani, kampuni kubwa ya Manville ilijitangaza mufilisi Agosti 1982 huku ikiwa na mali za kutosha, kwa sababu ilikuwa imezingirwa na kesi 16,500. Mfuko ulioundwa kulipa waathiriwa kuna wakati ulitoa senti 5 kwa kila dola 1. Na nchi hiyo ilipiga asbesto marufuku mwaka 1989, mahakama ikaifuta marufuku mwaka 1991, na ya asbesto nyeupe ikarudi 2024.

Nani alitangulia kuikataa kabisa? Iceland, 1983. Kanada, iliyoichimba kwa zaidi ya karne, ilisubiri hadi 2018. Ilikuwa na mji ulioitwa Asbestos, ukabadilisha jina mwaka 2020 kuwa Val-des-Sources. Urusi ina mji unaoitwa Asbest hadi leo, na mgodi wake unachimbwa.

Na wajua kuna mkataba wa Rotterdam unaozitaka nchi zinazouza kemikali hatari ziwaarifu wanunuzi kwanza? Aina 5 za asbesto zimo. Asbesto nyeupe, inayouzwa kuliko zote, imependekezwa tangu 2006 na kila mara nchi chache zinakataa. Sharti ni wote wakubali. Umewahi kuona kamati ya harusi ambayo wote wanakubali?

Tumalizie hapa hapa. Ng'ambo ya barabara kuu, Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ina vitanda 650 na idara kubwa ya saratani. Ukienda huko au kwingine kokote na kikohozi kisichokoma, daktari atakuuliza kama unavuta sigara. Wewe mwambie pia kazi zako zote ulizowahi kufanya, tangu ya kwanza. Kwenye dai la ugonjwa wa kazini, historia ya kazi ina uzito kama picha ya eksirei.

Umemaliza chai? Basi kabla matatu haijaja, toa kalamu. Kama uliwahi kukata, kubeba, kutoboa au kufagia asbesto, andika mwaka, mahali, jina la tajiri wako na majina ya wenzako wawili mliokuwa nao. Pei silipu ya zamani usiwashie jiko. Karatasi hiyo mpe mwanao aiweke, maana huenda ikahitajika mwaka 2050.